Masteringi Waliopigana Kweli

Mwaka 1962 ilitoka sinema ya The Longest Day, inayosimulia siku ya tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada yalipotua pwani ya Normandy nchini Ufaransa. Nyota wengi humo walilipwa dola 25,000. John Wayne alilipwa 250,000. Aliigiza Luteni Kanali Benjamin Vandervoort, kamanda wa askari wa miamvuli aliyevunjika kifundo cha mguu alipotua na akaendelea kuwaongoza vijana wake akichechemea. Vandervoort wa kweli siku ile alikuwa na miaka 27. Wayne alikuwa amevuka 50, na maishani mwake hakuwahi kuwa askari.

Ndani ya sinema hiyohiyo alikuwamo Mwingereza Richard Todd. Usiku ule wa 1944 Todd aliruka kweli kutoka kwenye ndege, akiwa ofisa wa Batalioni ya 7 ya askari wa miamvuli, na kikosi chake kikaenda kumwongezea nguvu Meja John Howard, aliyekuwa ameliteka daraja la mfereji wa Caen. Kwenye sinema Todd amepewa nafasi ya Howard. Basi kuna mahali anasimama darajani akisubiri kikosi kije kumsaidia, na kikosi hicho mwaka 1944 yeye mwenyewe alikuwa ndani yake.

Hawa wawili, asiyekwenda na aliyekwenda, ndio walionifanya nianze kulifuatilia jambo hili. Si kwamba nataka kumvua nguo Wayne. Kazi hiyo wameifanya wengi, wengine kwa chuki tu. Nilitaka kujua mtu aliyeua na kunusurika kuuawa, akirudi akakabidhiwa bunduki ya risasi baridi mbele ya kamera, hufanya nini. Jibu nililolikuta mara nyingi ni kwamba hukwepa. Hukwepa kwa sharti la mkataba, kwa koti, kwa kuchagua hadithi ya mtu mwoga. Vita vya sinema, vile tunavyovijua sisi watazamaji, kwa sehemu kubwa vimepewa sura na watu ambao hawakuwapo.

Sisi tuliokulia Arusha enzi za mabanda ya video tulikuwa na sheria moja isiyohitaji ushahidi: steringi, yaani mhusika mkuu wa sinema, hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akafunga kitambaa kwa meno, akaendelea. Wenzake watakwisha mmoja mmoja, hasa yule aliyetoa picha ya mchumba mfukoni, lakini yeye atafika mwisho. Mjomba wangu mmoja alipigana Vita vya Kagera, akafika na jeshi mpaka Kampala. Mtu ungetegemea kwamba sinema za vita zilimkera. Wapi! Alizipenda mno. Alikaa benchi la mbele akicheka mpaka machozi yanamtoka, na kilichomchekesha kuliko vyote ni magazini. “Hiyo inabeba risasi thelathini, huyu ameshamwaga mia mbili. Anazitoa wapi?” Ukimuuliza habari za Kagera yenyewe alikusimulia matope, viatu na njaa. Akimaliza hapo anaomba chai.

Turudi kwa Wayne. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, Desemba 1941, alikuwa na miaka 34, watoto wanne, na jina ambalo ndiyo kwanza linaanza kung’aa. Bodi ya uandikishaji ilimwacha kwa sababu ya familia. Baadaye studio yake, Republic, iliomba asiguswe kwa kuwa kazi yake ina manufaa kwa taifa. Henry Fonda alikuwa na miaka 37 na watoto watatu nyumbani, na alijiunga na jeshi la majini kwa hiari yake, kwa hiyo watoto si kisingizio kinachojitosheleza. Wayne alizunguka visiwa vya Pasifiki kuwaburudisha askari, mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944, akarudi zake Hollywood kuendelea na kazi. Mwandishi William Manchester, aliyejeruhiwa vibaya Okinawa, amesimulia jinsi Wayne alivyokuja siku moja kwenye hospitali ya jeshi kule Hawaii akiwa amevaa kicowboy, kofia na mikanda ya bastola, na majeruhi wakamzomea mpaka akashuka jukwaani.

Miaka minne baada ya vita, mwaka 1949, ikatoka Sands of Iwo Jima, na tangu hapo Wayne akawa ndiye sura ya mwanajeshi wa Marekani. (Humo, tena kwa kuivunja ile sheria yetu ya Arusha, steringi anakufa.) Mkewe wa tatu, Pilar, aliandika kwamba uzalendo mkali wa mumewe wa miaka ya baadaye ulikuwa kama fidia ya kubaki nyumbani. Mimi simwiti mwoga. Namwona kama mtu aliyejiambia amalize kwanza picha moja zaidi, halafu nyingine, mpaka vita vikaisha bila yeye.

Mwaka huohuo wa 1962 Wayne alikuwa na sinema nyingine, na hii sisi tunaijua kwa sababu ilipigwa kwetu. Inaitwa Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks, kuhusu kundi la watu wanaokamata wanyama wa porini kwa ajili ya mabustani ya wanyama ng’ambo. Walikuja Tanganyika mwishoni mwa 1960 na sehemu kubwa wakaipigia pande za Arusha na Momella, chini ya Mlima Meru. Faru na twiga mnaowaona wakikimbizwa ni wa kweli, na waigizaji walikuwa juu ya magari yale wenyewe. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kijerumani mwenye nywele za rangi ya dhahabu, Hardy Krüger, aliyecheza dereva aitwaye Kurt. Nimesikia watu wakiiita Momella “pale kwa John Wayne”. Wayne alipiga picha zake akaondoka. Aliyenunua shamba na kukaa ni Krüger.

Krüger alizaliwa Berlin, Aprili 1928, kwa wazazi ambao, kwa maneno yake mwenyewe, walimwamini Hitler kwa moyo wote. Akiwa mvulana wa miaka 13 alipelekwa Sonthofen, kwenye mojawapo ya shule za bweni zilizobeba jina la Adolf Hitler, mahali pa kuwapikia viongozi wa kesho wa chama cha Nazi. Waliofika hapo kutafuta vijana wa kuigiza walimchukua, na akiwa na miaka 15 akacheza katika Junge Adler, sinema ya kuwatia vijana hamasa ya vita. Hapo studio akakutana na mwigizaji mkubwa kiumri, Hans Söhnker, aliyemweka pembeni na kumweleza habari za kambi za mateso. Fikiria kiroja hicho: propaganda ya Wanazi ndiyo iliyomkutanisha mtoto na mtu wa kumwambia ukweli.

Machi 1945, vita vikiwa vimeshashindwa na kila mtu mwenye macho akiliona hilo, Krüger na vijana wenzake waliingizwa katika Divisheni ya 38 ya SS iliyopewa jina la Nibelungen. Alikuwa na miaka 16. Alisimulia mara nyingi uzeeni kwamba aliamriwa kuwafyatulia risasi askari wa Marekani, akashindwa, au akakataa, na akahukumiwa kifo kwa uoga. Ofisa mwingine wa SS alimtazama, akaona mtoto, akazuia hukumu. Wakamfanya tarishi wa kupeleka ujumbe, na baadaye akatoroka.

Huyo ndiye aliyekuwa kwenye gari moja na John Wayne nyikani kwetu. Mmoja ameigiza ushujaa mara nyingi kiasi kwamba taifa zima limeuamini, mwingine ameponea chupuchupu kupigwa risasi kwa kukosa ushujaa wa aina hiyo. Ukiiangalia Hatari! leo huoni lolote katika hayo. Ni sinema ya kufurahisha, ndefu kuliko inavyostahili, na Waafrika humo wapo pembeni tu. Lakini mwaka uleule Krüger alionekana pia katika sinema ya Kifaransa, Les Dimanches de Ville d’Avray, iliyotwaa tuzo ya Oscar ya sinema bora ya lugha ya kigeni. Humo ni rubani aliyerudi kutoka Indochina akiwa amepoteza kumbukumbu, ameandamwa na wazo kwamba alimuua mtoto wa kike ndege yake ilipoanguka, na sasa anafanya urafiki na msichana mdogo aliyeachwa shule ya bweni ya watawa. Hakuna mapigano zaidi ya dakika chache za mwanzo. Uso wa Krüger unabeba yaliyobaki. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kama mwigizaji.

Sare za Kijerumani hakuzikwepa kabisa. Bila hizo mwigizaji wa Kijerumani wa kizazi kile asingepata mkate nje ya nchi yake. Kilichompa jina Uingereza mwaka 1957 ni nafasi ya rubani Mjerumani anayetoroka utekwani. Mwaka 1977 akaigiza jenerali wa SS katika A Bridge Too Far, na kila kamera ilipozimwa alivaa koti juu ya ile sare, isionekane, asijikumbushe utoto wake. Mwongozaji wa sinema hiyo, Richard Attenborough, naye alikuwa ameruka na ndege za mabomu za Uingereza katika kikosi cha upigaji picha, akikaa sehemu ya mkiani na kamera, na masikio yake yalidhurika kwa maisha yote. Kwa hiyo aliyekuwa akisema “kata” na aliyekuwa akikimbilia koti walikuwa wameviona vita vilevile, mmoja kutoka angani, mwingine kutoka ardhini.

Na hawa wawili walikuwa wameshakutana kabla, katika sinema ninayoiona kuwa kitovu cha habari yote hii, ingawa si ya vita: The Flight of the Phoenix, ya 1965. Ndege ya mizigo inaanguka katika jangwa la Sahara. Maji yanakwisha. Abiria mmoja, Mjerumani mwenye kiburi na miwani, anasema yeye ni msanifu wa ndege na kwamba mabaki yanaweza kuundwa yawe ndege ndogo itakayowatoa. Rubani mzee wa Kimarekani hamtaki, hamwamini, na hawezi kuvumilia kuamriwa na mtu yule. Mjerumani ni Krüger. Rubani ni James Stewart.

Stewart alishaupata umaarufu kabla ya vita. Februari 1941 alipokea Oscar, na Machi akajiunga na jeshi kama askari wa cheo cha chini kabisa, miezi tisa kabla Marekani haijaingia vitani. Mara ya kwanza walimkataa kwa wembamba. Akaenda kula, akarudi. Alikuwa na leseni ya urubani tayari, jeshi likamfanya mwalimu na likapenda abaki nyumbani kwa sababu nyota aliyekufa ni hasara ya matangazo. Yeye akasumbua wakubwa mpaka wakampeleka Uingereza, Novemba 1943, akiwa kamanda wa kikosi kimoja katika Kundi la 445 la ndege za B-24, kwenye uwanja wa Tibenham, Norfolk. Miaka yake 35 ilikuwa uzee kule. Vijana aliowaongoza wengi wao walikuwa na 20 na kitu.

B-24 ilibeba watu kama kumi, bila joto, bila hewa ya kutosha; juu kule baridi ni ya kugandisha ngozi kwenye chuma, na kila mtu anavuta pumzi kwa kinyago. Unaruka katika mpangilio wa karibukaribu, na ukiona mizinga ya chini inakulenga huruhusiwi kukwepa, kwa sababu ukikwepa mabomu yatakosa shabaha na unaweza kumgonga jirani. Tarehe 24 Februari 1944 kundi lake lilikwenda Gotha na kupoteza ndege 13 kati ya 25. Yeye siku hiyo hakuruka. Aliruka kesho yake kwenda Fürth, akikalia kiti kwenye ndege ya mbele, na kombora likatoboa sakafu karibu na miguu yake, likaacha tundu la kuonea Ujerumani chini. Wakarudi hivyohivyo. Machi aliongoza mashambulizi ya Berlin, mji alikozaliwa Krüger. Kwa jumla alifanya safari rasmi 20, akapewa nishani ya marubani mara mbili na nishani ya Ufaransa, akamaliza vita akiwa kanali. Akiba ya jeshi ilikuja kumfanya Brigedia Jenerali mwaka 1959.

Aliporudi aliweka sharti: studio isitumie rekodi yake ya vita kutangaza sinema zake. Hollywood ya 1945 ingeuza hata soksi zake, na mwenye nazo akakataa. Sinema yake ya kwanza baada ya vita ilikuwa It’s a Wonderful Life, ya 1946, hadithi ya Krismasi ya mtu ambaye vita vilimpita kwa sababu sikio moja halisikii, akabaki mjini kuendesha kampuni ndogo ya mikopo ya nyumba. Kuna tukio yuko baa, amefilisika, anaomba Mungu asiyemzoea, na analia. Stewart alieleza baadaye kwamba kulia hakukupangwa, kulimjia tu, na mwongozaji Frank Capra, ambaye kamera yake ilikuwa mbali, akalazimika kuikuza picha ile maabara ili uso uonekane karibu. Itazame tena ukijua kwamba mtu huyu mwaka mmoja na nusu kabla alikuwa akihesabu ndege zinazorudi. Siwezi kuapa kwamba machozi yale ni ya Gotha, ila najua sikuwahi kuyaona kwake katika sinema za kabla ya vita.

Kisha ndiyo 1965, jangwani, rubani wa mabomu ya Berlin na mtoto wa Berlin wanagombana kuhusu nani aongoze. Hakuna anayetamka habari za vita kwa kirefu. Lakini kuna namna Stewart anavyomtazama Krüger, na namna Krüger anavyomsubiri mzee ashindwe, ambayo nadhani isingefundishika. Nasikia watu wakisema waigizaji wakubwa huweza kuigiza lolote. Inawezekana. Hawa kwa dakika chache hawakuwa na haja.

Kuna wengine nawapitia haraka. Clark Gable, mfalme wa Hollywood wa miaka ile, alijiunga Agosti 1942 akiwa na miaka 41, miezi saba baada ya mkewe, Carole Lombard, kufa katika ajali ya ndege akitoka kuuza hati za mkopo wa vita. Aliruka mara tano juu ya Ulaya akiwa na kamera na bunduki, na safari moja kisigino cha buti lake kikang’olewa na risasi. Waliomjua walihisi alikuwa akikitafuta kifo. Jean Gabin, mwigizaji Mfaransa, aliiacha Hollywood, akamwacha na mpenzi wake Marlene Dietrich, akajiunga na jeshi la de Gaulle, na akiwa na miaka 40 akaongoza kifaru katika divisheni ya Leclerc mpaka ndani ya Ujerumani. Alirudi na mvi kichwa kizima, na kwa karibu miaka kumi Wafaransa hawakujua wamfanyie nini kijana wao wa zamani aliyegeuka mzee. Sabu, yule mvulana wa Mysore aliyeigiza na tembo mwaka 1937, alikuwa mpiga bunduki kwenye B-24 huko Pasifiki na akapata nishani ya marubani. Alipomaliza vita Hollywood ilimrudishia kilemba na msitu. Alikufa 1963, na miaka 39 tu.

Audie Murphy hapitiwi haraka. Alizaliwa Texas mwaka 1925, mmoja wa watoto 12 wa wakulima wa kupanga, baba akaikimbia familia, mama akafa 1941. Alikuwa akilisha wadogo zake kwa bunduki ya kuwindia sungura. Dada yake alimsaidia kudanganya umri. Wanamaji walimkataa, askari wa miamvuli wakamkataa, wote kwa udogo wa mwili. Jeshi la nchi kavu likamchukua akiwa na kilo kama 50. Sicily, Italia, kusini mwa Ufaransa. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr, kombania yake ikiwa imebaki na watu wachache mno, aliwaamuru warudi porini, akapanda peke yake juu ya gari la deraya lililokuwa linawaka moto, akashika rashasha yake, na kwa karibu saa nzima akawazuia Wajerumani waliokuja na vifaru, huku mkono mwingine ukishika simu ya kuelekeza mizinga. Alijeruhiwa mguu. Alikuwa na miaka 19. Alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani, na akawa miongoni mwa askari wa nchi hiyo waliopata nishani nyingi kuliko wote.

James Cagney aliiona picha yake kwenye jalada la jarida la Life, sura ya mtoto wa kwaya, akamwita Hollywood. Na hapa ndipo ninapomshangaa. Mwaka 1951 John Huston alimpa nafasi kubwa katika The Red Badge of Courage, hadithi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Shujaa kuliko mashujaa akaigiza kijana anayetupa bunduki na kukimbia. Studio iliikatakata sinema ile ikabaki ya dakika 69, lakini Murphy yumo, na hofu iliyo usoni pake ni ya mtu anayeijua kwa jina. Ndiyo kazi yake bora, na haikuleta pesa.

Pesa zililetwa na To Hell and Back, ya 1955, ambamo Audie Murphy anaigiza Audie Murphy. Kwanza alikataa, akapendekeza apewe Tony Curtis. Hatimaye akakubali, na akapelekwa kwenye kambi ya jeshi jimbo la Washington kupanda tena juu ya gari linalowaka, safari hii moto ukiwa wa kupangwa. Rafiki zake waliokufa wakafa tena, na waigizaji wakainuka kwenda kula. Sinema ile ilikuwa miongoni mwa machumo makubwa ya studio ya Universal ya miaka ile. Wakati huo mwenye hadithi alikuwa halali usiku bila bastola yenye risasi chini ya mto. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika katika hali hiyo. Vidonge vya usingizi vikamteka, akajifungia kwenye chumba cha hoteli mpaka akaviacha. Miaka ya 1960, wakati wanaume wa aina yake walikuwa hawasemi mambo hayo, alisema hadharani kwamba vita huwaharibu watu akili na kwamba serikali iwatibu wanaorudi kutoka Korea na Vietnam. Alikufa katika ajali ya ndege ndogo jimboni Virginia, Mei 1971. Alikuwa na miaka 45.

Watu humsifu kwa Holtzwihr. Mimi namsifu kwa yale matamko, kwa sababu alikuwa na mengi ya kupoteza. Jina lake lote lilijengwa juu ya kutotetereka.

Sasa, mtu atasema: kama waliokwenda wanajua, si waulizwe? Waliulizwa. Michael Caine alipelekwa Korea akiwa kijana wa jeshi la lazima la Uingereza, katika kikosi cha Royal Fusiliers, akakaa mahandaki yale ya 1952 na 1953. Mwaka 1956 akapata kazi yake ya kwanza ya sinema, A Hill in Korea, sentensi chache za kusema pamoja na cheo cha mshauri wa mambo ya kijeshi. Sinema ilipigwa Ureno, ambako, kwa jinsi alivyopenda kusimulia, hakufanani na Korea hata kidogo. Alishauri. Hakuna aliyemsikiliza. Caine anaisimulia kama kichekesho, na ni kichekesho kweli, lakini hapo ndipo unapoona jinsi vita vya sinema vinavyoundwa: aliyekuwapo anasimama kando ya kamera akitikisa kichwa, na kamera inaendelea.

Na kuna ambao hawakupata hata nafasi ya kutikisa kichwa. Mwaka 1945 Warner Bros. ilitoa Objective, Burma!, Errol Flynn akiongoza askari wa miamvuli wa Kimarekani katika misitu ya Bama (Burma, leo Myanmar), ingawa ilipigwa California. Flynn mwenyewe jeshi lilimkataa kwa afya mbovu, jambo ambalo studio ililificha kwa kuwa mwili wake ndio uliokuwa ukiuzwa. Waingereza waliwaka. Bama ilikuwa vita vyao, magazeti yakasema, na sinema ikaondolewa kwenye majumba ya London baada ya siku chache, ilirudi 1952. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini katika lile jeshi la Waingereza la Bama ilikuwamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King’s African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walioshuka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya 1944, kwenye matope ya kumeza magari, na Desemba wakafika Kalewa kwenye Mto Chindwin. Katika ugomvi wote ule wa magazeti kuhusu nani amesahauliwa, wao hawakuwa sehemu ya hoja ya upande wowote. Wazee wa Bama walirudi makwao, na wengine wakalipa kiingilio kuwatazama akina Flynn.

Kama una jioni mbili, anza na The Red Badge of Courage, kwa kuwa ni fupi, halafu The Flight of the Phoenix. Hakikisha unapata ile ya 1965. Iko nyingine ya 2004 yenye jina karibu lilelile, na wauza filamu mtandaoni huzichanganya.